Matege si kipaji: Miguu ya watoto wa Katavi nayo ina dirisha la usajili

Mpanda. Kwenye mechi za chandimu mjini Mpanda, iwe Kashaulili, Azimio au vile viwanja vya vumbi vya mitaani, kuna kauli ambayo haikosekani pembeni ya uwanja. Akitokea dogo mwenye miguu iliyopinda kama upinde, nusu ya watazamaji watasema huyo ni winga wa kuzaliwa, miguu yenyewe inaonyesha. Nusu nyingine watacheka na kumwambia beki asihangaike, hapo tobo ni bure.

Pande zote mbili zinamkosea mtoto. Wanaosifia wanafanya wazazi waamini hakuna tatizo. Wanaocheka wanamfanya dogo aondoke uwanjani na asirudi. Katikati ya kelele hizo hakuna anayeuliza swali ambalo daktari wa mifupa angeanza nalo: huyu mtoto ana umri gani, na miguu ilianza kupinda lini?

Swali hilo ndilo linaamua kila kitu, kwa sababu mfupa wa mtoto ni kama dirisha la usajili. Likiwa wazi, kazi inafanyika kwa gharama ndogo na bila presha. Likifungwa, bado dili linawezekana, ila kwa bei kubwa, kwa upasuaji mkubwa na kwa maumivu ambayo yangeepukika.

Kwa Katavi hili si jambo dogo. Mkoa huu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ulikuwa na watu 564,604 kwenye sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ikakuta watu zaidi ya milioni 1.1. Yaani idadi imezidi mara mbili ndani ya miaka 10. Mkoa unaokua hivyo ni mkoa wa watoto, na watoto hao ndio wanaojaa kwenye UMITASHUMTA, kwenye ndondo na kwenye ndoto za kucheza Ligi Kuu.

HATA GARRINCHA ALIUMIA

Wanaosema matege ni kipaji huwa na mfano mmoja mkubwa: Garrincha. Na ni kweli, miguu ya Mbrazili huyo ilikuwa habari ya mjini. Mguu wa kulia ulipinda kwenda ndani, wa kushoto ulipinda kwenda nje, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine kwa sentimita kadhaa. Kwa miguu hiyohiyo alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 na 1962, na Brazil haikuwahi kufungwa mechi ambayo yeye na Pelé walikuwa uwanjani pamoja.

Lakini hadithi ina nusu ya pili ambayo vijiweni haisimuliwi. Magoti ya Garrincha yalimtesa, akafanyiwa upasuaji, na baada ya 1962 kiwango chake kilishuka haraka wakati akiwa bado hajafika hata miaka 35. Alikuwa fundi licha ya miguu ile, si kwa sababu yake. Kwa kila Garrincha mmoja aliyefika juu, wapo watoto wengi wenye miguu ya namna hiyo waliobaki kuokota mipira nje ya uwanja, na majina yao hakuna anayeyajua.

Mfano ambao mzazi wa Katavi angepaswa kuusikia zaidi ni wa Mia Hamm wa Marekani. Mwanamama huyo alizaliwa mwaka 1972 akiwa na tatizo la mguu kifundo, ile hali ya wayo kugeukia ndani. Alitibiwa akiwa mdogo kabisa, mguu ukanyooka. Akaja kushinda Kombe la Dunia mwaka 1991 na 1999, dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996 na 2004, na kufunga mabao 158 kwa timu ya taifa, rekodi iliyodumu hadi 2013. Tofauti kubwa kati yake na watoto wengi wenye tatizo hilo haikuwa kipaji peke yake. Yeye aliwahiwa.

MATEGE YANAYOISHA NA YASIYOISHA

Kwanza mzazi asipaniki. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwenda nje, kwa sababu tumboni alikuwa amejikunja. Anapoanza kutembea, matege yanaonekana zaidi. Hadi anapofika kama miaka 2, hali hiyo kwa kawaida ni sehemu ya kukua.

Kisha mambo yanageuka. Kati ya miaka 3 na 4, watoto wengi magoti huanza kugusana huku miguu ikiachana chini. Nayo ni kawaida. Wakifika miaka 7 hivi, miguu inakuwa imeshapata umbo lake. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye matege ya wastani miguu yote miwili, anayekula vizuri na kukimbia vizuri, mara nyingi hahitaji dawa wala chuma. Anahitaji muda.

Tatizo linaanza pale ratiba hiyo inapovunjwa. Mguu mmoja unapinda na mwingine uko sawa. Matege yanaongezeka baada ya miaka 2 badala ya kupungua. Mtoto anachechemea, analalamika maumivu, au ni mfupi sana kuliko wenzake. Viwiko vya mikono vinaonekana vimevimba. Hizo ni dalili za kwenda hospitali, na haifai kusubiri mpaka mwakani.

Na hapa kuna imani za kuweka pembeni. Mbeleko haileti matege. Kumbeba mtoto mgongoni huku mapaja yamepanuka kunasaidia hata nyonga zake kukaa vizuri. Kumsimamisha mapema si chanzo cha matege kwa mtoto mwenye mifupa imara. Na kumkanda kwa mafuta kila jioni kunaweza kumpa usingizi mzuri, lakini mfupa uliopinda haunyooki kwa kukandwa.

UGALI BILA DAGAA

Moja ya sababu kubwa za matege yasiyoisha ni mifupa kuwa laini kwa kukosa madini, hali ambayo madaktari huiita riketsi. Mfupa unaokua bila kalsiamu ya kutosha ni kama tofali bichi. Ukiubebesha uzito, unapinda.

Wengi wamefundishwa kwamba riketsi ni ugonjwa wa nchi za baridi, kule ambako watu hawaoni jua na hivyo wanakosa vitamini D. Katavi jua lipo hadi la kugawa. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kitu kingine: watoto wenye riketsi waliokuwa wakiishi kwenye jua la kutosha walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D peke yake. Shida ilikuwa kwenye sahani.

Sahani hiyo haina tofauti kubwa na ya kwetu. Nafaka asubuhi, nafaka mchana, nafaka usiku. Mahindi yanashibisha, ila kalsiamu yake ni kidogo, na ndani yake kuna kitu kinachoishika kalsiamu isiingie mwilini kirahisi. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kuhamia kwenye uji mtupu anaweza kuwa na tumbo lililojaa na mifupa yenye njaa.

Kinachouma ni kwamba dawa ya kinga iko jirani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaotoka Karema na Ikola huliwa na mifupa yao, na mfupa wa samaki ni kalsiamu. Wakisagwa vizuri na kuwekwa kwenye uji au mboga ya mtoto, wanafanya kazi ambayo ugali mtupu hauwezi. Wafugaji wa Mlele na Mpimbwe wana maziwa na mtindi. Mboga za majani zipo mashambani. Mara nyingi maziwa yanauzwa yote na dagaa wanabaki chakula cha wakubwa, wakati anayewahitaji zaidi ni yule anayetambaa.

Si kila mguu uliopinda una chanzo hicho. Maeneo ya Arusha yanayozunguka Mlima Meru yanajulikana kwa maji yenye floraidi nyingi, ambayo huharibu meno na, kwa baadhi ya watoto, kupindisha mifupa. Kuna pia ugonjwa wa Blount, ambapo sehemu ya ndani ya mfupa chini ya goti inashindwa kukua sawa na ya nje. Huo hauponi kwa dagaa wala maziwa. Ndiyo maana picha ya eksirei na vipimo vya damu vinahitajika. Macho ya jukwaani hayawezi kutofautisha.

MGUU KIFUNDO: MECHI INAYOSHINDIKA

Kama kuna sehemu ambayo kuwahi kunalipa kuliko kote, ni kwenye mguu kifundo. Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya kila 1,000 huzaliwa nao. Wavulana hupata mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa nao miguu yote miwili. Wayo unageukia ndani, kisigino kinapanda juu, na enka inakuwa ngumu. Asipotibiwa, mtoto atakanyaga kwa ubavu wa mguu au hata kwa mgongo wa wayo. Atatembea, lakini kwa sugu, vidonda na maumivu, na hatapata kiatu cha kumtosha, achilia mbali njumu.

Chanzo chake mara nyingi hakijulikani, ingawa wakati mwingine unafuata ukoo. Kinachojulikana ni kwamba mama hakukosea. Si kwa sababu alikula nini, alimcheka nani au aligombana na nani. Si mkono wa mtu. Maneno ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya akina mama wawafiche watoto ndani kwa miezi, wakati dirisha linafungwa.

Tiba inayotumika dunia nzima inaitwa Ponseti, kwa jina la daktari aliyeibuni. Ignacio Ponseti alizaliwa Hispania Juni 3, 1914, akawatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini kwake, kisha akaishia Iowa, Marekani. Miaka ya mwisho ya 1940 alichoshwa na kuona watoto waliofanyiwa upasuaji mkubwa wakikua na miguu migumu yenye maumivu. Akatafuta njia ya kuunyoosha mguu taratibu bila kuuchana. Ilichukua miongo mpaka wenzake wakubali. Leo Juni 3 ndiyo Siku ya Mguu Kifundo Duniani.

Njia yenyewe haina makuu. Kila wiki mtaalamu anaukanda wayo kwa mikono, anausogeza kidogo kuelekea mahali pake, kisha anaufunga P.O.P kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. Wiki inayofuata P.O.P inatolewa, wayo unasogezwa tena, unafungwa tena. Kwa kawaida inachukua P.O.P tano hadi saba. Mwishoni, watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kazi ya dakika chache kwa ganzi, ili kisigino kishuke. P.O.P ya mwisho hukaa wiki tatu. Ikitoka, wayo umenyooka.

Kwa watoto zaidi ya 90 kati ya 100 wanaofuata tiba ipasavyo, mguu unanyooka bila upasuaji mkubwa. Lakini mechi haijaisha. Kipindi cha pili ni viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Mtoto anavivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu na anapolala mchana, hadi anapofika miaka 4 au 5. Wazazi wengi wanaishia hapo. Wanaona mguu umenyooka, mtoto analia usiku, viatu vinatupwa uvunguni. Baada ya muda mguu unarudi ulikokuwa. Ni sawa na timu inayoongoza 3-0 mapumziko kisha inarudi kipindi cha pili bila kipa.

KUTOKA KAREMA HADI P.O.P YA SITA

Kwenye karatasi, wiki sita si nyingi. Kwa mama wa Karema ambaye Mpanda iko zaidi ya kilomita 100, wiki sita ni safari sita za kwenda na sita za kurudi akiwa na mtoto mwenye P.O.P mgongoni. Ni nauli, ni chakula cha njiani, ni shamba lililobaki bila mtu msimu wa mvua, na ni watoto wengine walioachwa nyumbani. Mama wa Mishamo, Mwese au Inyonga naye ana hesabu yake. Wengi wanaoacha njiani hawaachi kwa uzembe. Wanashindwa na barabara na mfuko.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuuliza maswali sahihi mapema. Mtoto akizaliwa, mkunga aangalie nyayo kama anavyoangalia uzito. Mzazi akienda kliniki ya mama na mtoto, amwonyeshe mhudumu miguu na aulize rufaa. Kutoka zahanati na kituo cha afya, njia inakwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi mjini Mpanda. Huko aulize: tiba ya mguu kifundo inatolewa wapi karibu zaidi, na siku gani? Kwa kesi kubwa zaidi kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Bugando jijini Mwanza, na Dar es Salaam kuna CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Sera ya afya nchini inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya Serikali. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi, kwa sababu baada ya hapo bili inaanza kumwangalia mzazi usoni.

Kwa waliochelewa, mlango haujafungwa kabisa. Ponseti huweza kusaidia hata mtoto aliyekwisha kuanza kutembea, ingawa P.O.P zinaongezeka. Kwa matege, mtoto ambaye bado anakua anaweza kuwekewa kipande kidogo cha chuma upande mmoja wa goti, upande huo ukapunguza mwendo wakati mwingine ukiendelea kukua, na mguu ukajinyoosha wenyewe. Akishamaliza kukua, mbinu hiyo haipo tena. Hapo mfupa lazima ukatwe, unyooshwe na kufungwa kwa chuma.

MPIRA NAO UNA MCHANGO WAKE

Kuna kipande ambacho makocha hawatakipenda. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima magoti ya wavulana wanaocheza soka na wasiocheza, wa umri wa miaka 8 hadi 18. Wadogo hawakutofautiana sana. Lakini kuanzia miaka 16, wanasoka walikuwa na matege zaidi.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba kupiga mpira, kukata kona na kuruka kila siku kunaweka mzigo mkubwa upande wa ndani wa goti wakati mifupa bado inakua. Kwa hiyo huenda wale wakongwe wenye matege wanaotajwa vijiweni hawakuwa wachezaji kwa sababu ya matege. Walipata matege kwa sababu ya kucheza. Na goti lenye matege huchakaa upande wa ndani mapema.

Hii haina maana watoto waache mpira. Ina maana kijana wa miaka 13 asicheze mechi ya shule asubuhi, ndondo mchana na mazoezi ya timu ya mtaa jioni, siku saba kwa wiki. Siku za kupumzika ni sehemu ya mazoezi.

Kingine ni mivunjiko. Mtoto akianguka vibaya uwanjani, wengi humkimbizia kwa fundi wa kuunga mifupa. Mfupa wa mtoto huunga haraka, na hilo ndilo linalodanganya: unaunga hata kama umekaa upande. Mvunjiko ulio karibu na kiungo unaweza kuharibu sehemu inayokuza mfupa, na mkono au mguu ukakua umepinda. Ukifungwa vijiti kwa kubana sana, damu inakatika na kiungo kinaweza kukatwa. Njia salama ni kutouvuta, kuufunga usitikisike, na kufika hospitali siku hiyohiyo.

Na pale mguu unapolegea ghafla bila kuvunjika, hiyo ni habari nyingine. Polio hushambulia neva, kisha mguu unadhoofu na kupinda. Mwaka 2023 kirusi cha polio kilibainika kwa mtoto mkoani Rukwa, majirani kabisa, na Septemba mwaka huo Katavi ikawa miongoni mwa mikoa iliyofanya kampeni ya chanjo. Mtoto wa namna hiyo aripotiwe kituo cha afya mara moja.

KOCHA NDIYE SKAUTI WA KWANZA

Walimu wa michezo wa Katavi wanawaona watoto wakikimbia kuliko mtu mwingine yeyote. Mzazi anamwona mtoto amekaa, amelala au amebeba ndoo. Kocha anamwona akigeuka, akiruka, akitua. Yeye ndiye anayejua nani anachechemea kila baada ya dakika 20, nani kiatu chake kinaisha upande mmoja, nani ameacha kuja baada ya kuchekwa.

Wakati wa kuchagua timu za UMITASHUMTA, kuangalia miguu hakuhitaji mashine. Mtoto asimame peku, visigino vikiwa pamoja, kisha atembee hatua kumi kwenda na kurudi. Anayetia shaka aitwe pembeni, si mbele ya wenzake, na mzazi wake apelekewe ujumbe wa kumpeleka hospitali. Asifukuzwe timu. Awekwe kwenye orodha ya wanaorudi.

Na yule ambaye mguu wake hautanyooka tena, mpira haujamkataa. Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022 ikiwa na wachezaji wanaokimbia kwa magongo. Nafasi hiyo ipo na ni ya heshima. Lakini isiwe inajazwa na watoto ambao P.O.P sita zingetosha.

Kabla ya msimu ujao wa mashindano ya shule, kila kocha wa Mpanda, Mlele, Nsimbo, Tanganyika na Mpimbwe anaweza kuanza na mtoto mmoja tu anayemfahamu, pamoja na wadogo zake walioko nyumbani. Hao wa nyumbani ndio ambao dirisha lao bado liko wazi.